Soda Isiyo na Kimea

Ukishaambiwa na daktari kwamba wewe na ngano basi, watu watakuuliza habari za chapati. Watakuonea huruma, watakutania, na wengine watakula sambusa mbele yako huku wakikutazama kwa jicho la pembeni. Hilo utalizoea haraka. Jambo ambalo mimi sikuonywa na mtu, na ambalo naliandika kwa ajili yako uliyetoka hospitali juzi na bado unaogopa hata chumvi, ni lile swali ambalo mgeni huulizwa katika kila nyumba kabla hajakaa vizuri: "Unakunywa soda gani?"

Swali hilo lilitaka kuninyima mke. Lilitaka pia kumharibia jina mama wa watu ambaye hakuwa amefanya lolote isipokuwa kunipenda. Sasa nimepata nafuu ya kutosha kulicheka, kwa hiyo nitalieleza tangu mwanzo.

Naitwa Lusajo, fundi seremala. Kwetu ni Tukuyu, lakini karakana yangu iko Mafinga kwa sababu mbao ziko Mafinga. Mtu wa kazi yangu hula akiwa amesimama. Asubuhi nilikunywa chai na chapati kwa mama ntilie aliye karibu na mashine za kupasua magogo, baadaye maandazi, mchana chochote kilichopo. Nilikula hivyo miaka yote na chapati sikuwahi kuishuku. Chapati ilikuwa rafiki.

Kuumwa kulianza pamoja na mvua. Tumbo lilijaa gesi, kisha nikaanza kuhara, na kuhara kwenyewe hakukuwa kwa siku moja mbili kisha kupita. Nilifika mahali nikawa najua choo cha kila duka kuanzia stendi mpaka karakana, kipi kina maji na kipi kina komeo bovu. Nilipewa dawa za amiba, nikapewa za minyoo, nikapewa za taifodi, kisha nikarudishiwa za amiba. Mdomoni vidonda havikuisha. Mkanda wa suruali niliutoboa kwa msumari, nikautoboa tena, mpaka ncha yake ikawa inazunguka na kuning'inia nyuma. Randa niliyozoea kuisukuma huku nikipiga soga nikawa naisukuma kwa nguvu zangu zote, kisha napumzika katikati ya ubao.

Sitazunguka: ukikonda namna ile huku kwetu, watu wana jibu tayari. Vijana wa karakana walianza kuniachia kikombe changu peke yangu. Nilikwenda kupima, majibu yakaja safi, nikapima tena, yakaja safi vilevile. Nilimpelekea Zawadi majibu yale kwa sababu posa yangu ilikuwa imeshapokelewa kwao. Zawadi ni mshonaji, ana cherehani yake Iringa mjini, na nyumbani kwao ni Ilula.

"Mimi sijakuuliza," aliniambia.

"Najua. Nakuonesha tu."

"Basi nimeona. Sasa kula." Akafungua kontena la maandazi aliyoyakaanga mwenyewe, nikala yote kwa mapenzi, na jioni ile nilijuta sana.

Siku ya kupeleka mahari ilisogezwa mbele mpaka mavuno. Mavuno yalipofika nilikuwa siwezi kupanda ngazi, ikasogezwa tena. Baba yake, Mzee Nyalusi, alituma ujumbe wa upole kwamba watamsubiri kijana apone. Lakini nilijua kwamba kusubiri kwa mzee kama yule kuna mwisho wake, na kwamba ndugu walikuwa wameshaanza kumuuliza kama ana hakika na mtu anayemwozesha binti yake.

Aliyenitoa Mafinga ni dada yangu Tusekile, anayeishi Uyole, Mbeya. Alikuja mwenyewe na gari la kukodi, akanitazama, akasema, "Ndiyo wewe huyu?" kisha akaanza kufunga nguo zangu bila kungoja jibu. Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Uyole mwezi wa sita haimhurumii mgonjwa. Nilikwenda hospitali nimevaa makoti mawili na bado meno yalikuwa yanagongana.

Pale hospitali nilikaa sana kwenye benchi moja la mpaini lililopigiliwa ovyo, miguu haijalingana, ukikaa upande huu mwenzako anainuka upande ule. Nilitumia siku nyingi nikilirekebisha kichwani. Ukipewa benchi kama hilo, lipokee, kwa sababu linakupa kazi ya kufikiri ambayo si tumbo lako. Hatimaye walinipitisha mpira wenye kamera kooni, wakachukua kinyama kidogo, tukasubiri tena. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko Zawadi, na alizungumza taratibu.

"Ngano, shayiri, na ile nafaka ya Ulaya iitwayo rai," alisema. "Usile tena, maisha yako yote. Ukiacha, utumbo utajitibu wenyewe."

"Na dawa?"

"Hiyo ndiyo dawa."

Nilitoka pale nikiwa na furaha ya ajabu. Ukila ugali, viazi, ndizi, wali na maharage, kama tulavyo sisi watu wa Nyanda za Juu, umebakiza kipi cha kukitamani? Tusekile alicheka njia nzima. "Mwaka mzima tunakesha tunakuombea, kumbe ni ugonjwa wa chapati!"

Lakini wiki zilipita na sikupona. Chapati nilikuwa nimeacha, mkate nimeacha, hata uji wa lishe ambao jirani alikuwa anatuletea tuliacha tulipojua kwamba umechanganywa na ngano. Bado nilikuwa nakimbia chooni. Nilianza kuamini kwamba daktari amekosea na kwamba nitakufa. Nalisema wazi kwa sababu huenda nawe uko hapo sasa hivi.

Sababu ilikuwa imekaa kwenye kijimeza kando ya kitanda changu. Tusekile, kama dada yeyote wa nchi hii anayemuuguza mtu, alikuwa ananinunulia kila siku soda ya kimea. Wewe unaijua: nyeusi, tamu, wanapewa wazazi waliotoka kujifungua na wagonjwa walioishiwa damu. Kila aliyekuja kuniona alikuja na yake mkononi. Siku moja alikuwa anakusanya chupa tupu, akaigeuza moja kuangalia kama imekwisha muda, akasoma maandishi ya nyuma. Akakaa kitandani.

"Lusajo, kimea cha shayiri."

"Nini?"

"Imeandikwa hapa. Shayiri. Nimekuwa nakuua na chupa."

Alilia. Nilimwambia asilie, nikamwambia kwamba kama nimeshindwa kufa kwa chapati sitakufa kwa soda, akacheka huku machozi yanamtoka. Siku ile ile alizigawa zote zilizobaki kwa majirani, akaniletea soda nyingine, zile zilizoandikwa kwamba hazina sukari, kwa kuwa alidhani mgonjwa na sukari haviendani. Hizo nazo zilinijaza gesi mpaka nikashindwa kufunga kifungo. Mtaalamu wa lishe wa pale hospitali alituambia tuachane na vile vitamu vya kiwandani mpaka utumbo upone. Akasema nikitaka kitu kitamu, kiwe na sukari ya kawaida ya miwa, tena kwa kiasi.

Utaniuliza kwa nini nisinywe maji. Nyumbani nilikunywa maji. Lakini jaribu kwenda kwenye nyumba ya watu, mama mwenye nyumba ameshamtuma mtu dukani, useme maji yanakutosha. Maji ni kitu mtu anaomba, si kitu anachokaribishwa nacho. Na mimi nilikuwa nangojewa Ilula, kwenye nyumba ambayo nilipaswa kupokea chochote nitakachopewa na kuonekana nimefurahi.

Hivyo nilianza kutafuta soda yangu. Nguvu ziliporudi kidogo niliteremka Mwanjelwa, kwa muuza vinywaji wa jumla aitwaye Mzee Shabani, mtu wa makamo ambaye babu zake walikuja Mbeya na biashara kutoka pwani na yeye hajawahi kuiona bahari. Nilimwomba ruhusa ya kusoma chupa. Herufi ni ndogo, nilikuwa nazipiga picha kwa simu kisha nazikuza. Chupa za kioo nyingine hazina maandishi ya maana, ikabidi nipige simu ya huduma kwa wateja na kuuliza, na huko wakaniuliza kama nina malalamiko.

"Kijana," Mzee Shabani aliniambia, "unachagua soda au unachagua mchumba?"

"Mchumba nimeshachagua, mzee. Nikikosea soda, namkosa."

Nilipomweleza, aliacha kucheka. Akavaa miwani yake, akavuta kigoda, tukasoma pamoja hadi adhana ya alasiri. Kila alipokuta neno gumu alinipa nilisome kwa sauti. Tuliipata moja ya tangawizi: maji, sukari ya miwa, tangawizi, na vitu vingine viwili vitatu ambavyo tuliulizia tukaambiwa havina neno. Sitaitaja jina, kwa sababu viwanda hubadilisha mchanganyiko bila kukuaga. Soma ya kwako mwenyewe, na uisome tena kila msimu. Juisi ya miwa wanayokamua barabarani na ndimu ilinifaa pia, tena ndiyo tamu zaidi, ila haikubali safari. Ukiifungasha Mbeya inafika Makambako imeshabadilika rangi na tabia.

Soda ile ilinikalia vizuri. Kiangazi kilipoingia nilikuwa nimerudi karakana, mkanda umerudi tundu moja, kisha jingine. Nilinunua kreti, na kila nilipoalikwa nilibeba chupa yangu kwenye begi la zana. Watu walinicheka, nikacheka nao. Zawadi alikuja Mafinga akanishika mkono juu ya kiwiko, akabonyeza, akasema, "Kumbe una nyama." Wiki ile ile tuliwaambia wazee kwamba tuko tayari.

Sasa nikueleze desturi ya nyumba ile. Mgeni wa mahari hapewi kikombe hivi hivi. Mama mwenye nyumba huleta togwa kwenye kikombe kimoja, hunywa yeye kwanza fundo moja mbele ya watu wote, ndipo hukupa. Maana yake kila mtu anaijua: humu hamna kitu kibaya, kinywaji nimekipitisha mwilini mwangu kwanza. Ukipokea ukanywa, umeikubali nyumba. Ukikataa, umesema neno ambalo huwezi kulifuta.

Nilikuwa nimeshauliza. Baba mdogo, mshenga wangu, aliniambia njiani, "Togwa ni mahindi na kimea cha ulezi. Wewe ni Mnyakyusa gani usiyejua togwa?" Na ulezi hauna neno, daktari alisema. Zawadi naye alikuwa amemwambia mama yake mara nyingi kwamba mimi siwezi ngano, na mama alilishika sana. Tulipofika alinionesha kwa furaha: wali, ndizi, kuku, mboga za bustanini, hakuna chapati hata moja mezani. Chupa yangu ya tangawizi ilibaki ndani ya begi. Mama Zawadi akanywa fundo lake, akanipa kikombe kwa mikono miwili. Ilikuwa togwa tamu kuliko zote nilizowahi kunywa. Nilisema hivyo kwa sauti, na nikaomba nyingine.

Wazee walikuwa kwenye suala la ng'ombe tumbo lilipokaza. Nilijizuia. Jasho likanitoka, nikamwona baba mdogo ananitazama, nikainuka bila kuomba ruhusa. Sikufika chooni. Nilitapika nyuma ya nyumba kwenye matenga ya nyanya yaliyokuwa yanangoja gari, mengine yakatoka kwa njia nyingine, na nilipoinua macho alikuwa amesimama pale jirani yao aliyekuja kusaidia kupika, Mama Agripina.

"Yesu na Maria! Kijana wa watu!" alipiga kelele. Kisha akageuka akatazama kikombe kilichokuwa bado mkononi mwa Mama Zawadi, na watu wote waliotoka nje wakakitazama pia.

Nilichukuliwa hadi zahanati, na baadaye Iringa mjini, nikalala chumbani kwa shangazi yake Zawadi nikiwa kama nguo iliyokamuliwa. Zawadi alimpigia mama yake mbele yangu, ameweka sauti ya wazi.

"Mama, ile togwa uliweka nini?"

"Niweke nini? Mahindi na kimea."

"Kimea cha nini?"

"Cha ngano ile mjomba wako alituletea kutoka Makete. Kwetu huko ulezi ulikuwa unakufa na baridi, mama yangu alikuwa anatumia hiyo, ndiyo togwa ya kwetu hiyo. Nilimtengenezea ya heshima."

"Mama! Si nilikuambia hawezi ngano?"

"Kwani mimi nimempa ngano?" alisema. "Mimi nimempa kimea."

Hakuwa anajitetea. Kwake ngano ilikuwa unga, chapati na mkate. Kimea kilikuwa kimea, punje zilizooteshwa na kukaushwa, kitu kingine kabisa, kama vile mimi nisivyokiita kiti mti. Na baba mdogo alijua kimea cha ulezi tu kwa sababu ndicho alichokulia. Kila mtu alikuwa amesema kweli yake, na mimi ndiye niliyetapika.

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilirudi nyuma miezi. Mkanda ulirudi kwenye matundu ya msumari. Tusekile alikuja kutoka Uyole akaweka msimamo wake mezani. "Wanawake ni wengi ambao mama zao hawatengenezi togwa. Hiyo nyumba achana nayo." Mahari ilisimama. Mzee Nyalusi hakutuma tena ujumbe.

Lakini habari za Ilula zilikuwa zinanifikia kupitia kwa Zawadi, na ndizo zilizoniondoa hasira. Mama Agripina hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amesema alichokiona: mkwe kanywa, mkwe kaanguka. Kijijini maneno hayo hayahitaji kuongezwa chumvi. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walianza kufika kwa Mama Zawadi kwenye sala wakiwa wameshiba. Akimimina, wanasema wametoka kunywa sasa hivi. Mama yule ambaye togwa yake ilikuwa inaombwa kwenye kila msiba na kila kipaimara aliacha kuitengeneza. Alisema yeye mwenyewe hajui tena kama ana mkono mzuri. Zawadi alinieleza hayo akiwa anashona, hakuinua uso, na nilijua analia kwa jinsi mshono ulivyopinda.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tumbo langu limeingia kwenye maisha ya mtu mwingine, na kwamba hakuna hospitali itakayolitoa huko. Nikapanga kwenda. Zamu ya jumuiya kusali kwa Mzee Nyalusi ilikuwa Jumapili ya mwanzo wa mvua, nami nilitaka wanione mbele ya wote. Nilichukua kreti zima la soda yangu ya tangawizi. Nilikusudia kuwapa watu wote, nisimame, nieleze ugonjwa wangu, ngano, kimea, kila kitu.

"Kamwene, mama," nilimsalimu mlangoni.

"Kamwene, mwanangu." Alikuwa amekonda yeye sasa. Alilitazama kreti. "Hizo chupa weka chini kwanza."

Sala ilipokwisha, kabla sijainuka na hotuba yangu, Mama Zawadi alitandika mkeka katikati ya uwanja. Akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Alipanga juu ya mkeka bakuli la mahindi, ungo wa ulezi mkavu, sahani ya ulezi uliochipua ukiwa bado na vimizizi vyake vyeupe, kipande cha muwa, paketi ya sukari isiyofunguliwa, na jiwe la kusagia.

"Zawadi kaniambia wewe husoma chupa kabla ya kunywa," alisema. "Hii yangu haina maandishi. Basi soma hapa."

Nikapiga magoti kwenye mkeka.

"Hii mahindi ya shamba letu, ule pale juu. Hii ulezi nimenunua Iringa, nimechambua mwenyewe punje kwa punje, kama kuna ngano imeingia basi mimi kipofu. Hii ndiyo kimea yake, nimeotesha kwenye gunia jipya. Mashineni sikupeleka, wanasagia ngano ya watu. Nimesaga kwa jiwe." Akaliwekea mkono. "Na jiwe si langu. Langu lilishasaga ngano, nimelitupa nje, kuku wanalikalia. Hili niliazima kwa Mama Agripina."

Watu wote wakageuka. Mama Agripina alikuwa amekaa mwisho wa mkeka wa wanawake, na ilionekana wazi kwamba alipoliazimisha hakuambiwa la nini.

"Na hiyo sukari isome kweli, mimi miwani sina. Ni ya huyu muwa?"

Niliigeuza paketi. "Ni ya miwa, mama."

"Ndiyo unayoitaka?"

"Ndiyo yenyewe."

Akaifungua pale pale, akatia kwenye mtungi wa togwa aliyokwisha kuitengeneza jana yake, akakoroga, akamimina kikombe. Akanywa fundo lake. Akanipa kwa mikono miwili, kama siku ile. Niliogopa, kwa sababu mwili haujali heshima, na nilikumbuka matenga ya nyanya. Kreti langu lilikuwa hatua chache tu kutoka nilipopiga magoti. Nikanywa mpaka chini.

Kisha tukasubiri. Nimekaa kwenye mabenchi mengi ya kusubiri, lakini sijawahi kukaa na watu wengi namna ile wakisubiri tumbo moja. Hakuna aliyeaga. Mzee Nyalusi aliwasha redio akajifanya anasikiliza taarifa, na redio yenyewe ilikuwa inakoroma tu. Zawadi alichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Kivuli cha nyumba kilisogea taratibu mpaka kikafika kwenye mkeka, kikafunika mahindi, kikafunika ulezi. Mara nikacheua, na kila mtu akashtuka.

"Ni ya shibe," nikasema.

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Mama Zawadi hakucheka. Alikuwa ameukumbatia mtungi na ananitazama usoni kama Tusekile alivyokuwa ananitazama kule Uyole nilipokuwa naumwa.

Mama Agripina akainuka. Alikuja mpaka kwenye mkeka, akakaa kando ya jiwe lake. "Jiwe ni langu," alisema, "nami sijapewa hata ya kuonja?"

Mama Zawadi akamimina. Akainua kikombe mdomoni, kama desturi inavyotaka, ili anywe kwanza. Mama Agripina akanyoosha mkono akakichukua kabla hakijafika.

"Acha," alisema. "Mimi usinionjee."

Akanywa chote. Nyuma yake wanawake wakaanza kuinuka mmoja mmoja na vikombe vyao, na Mama Zawadi aliwamiminia huku machozi yanadondoka kwenye kanga, hakuyafuta. Hakumwonjea hata mmoja. Mzee Nyalusi akazima redio. "Haya," akasema, "tumbo limekubali. Ng'ombe tulikuwa tumefika wapi?"

Soda zangu nilirudi nazo Mafinga. Bado natembea na chupa moja kwenye begi la zana, na wewe nakushauri utembee na yako, kwa sababu dunia imejaa kimea na watu wema. Lakini Ilula siipeleki. Kila nikifika mimi na mke wangu, mkeka huwa umeshatandikwa uwanjani, mahindi, ulezi, sukari ambayo haijafunguliwa, na jiwe la Mama Agripina ambalo halijawahi kurudishwa wala kuulizwa. Nimemwambia mama mara nyingi kwamba haina haja tena, namwamini. Hunijibu, "Soma kwanza." Nami napiga magoti nasoma.